Nafasi Moja Kwenye Safu ya Majina

Jumanne, jioni. Hapa Ifakara hakujanyesha tangu mchana, ila upande wa Mlimba mbingu ni nyeusi tii, na mvua ya huko juu ndiyo inayotuletea maji huku chini. Nina woga, na nikikaa bila kuandika utanizidi.

Mradi wetu hutuma ujumbe wa simu kwa kaya za bondeni mto Kilombero unapojaa. Kazi yangu ni jedwali. Kila kaya ina mstari wake na safu tatu za lazima: jina la mkuu wa kaya, kitongoji na simu. Ofisini wananiita Fundi Fomula, nusu sifa, nusu kejeli, kwa sababu mimi hata kufuli la mlango hulijaribu mara mbili.

Asubuhi Dada Skola, msimamizi wetu, alisema ujumbe wa kuhama lazima utoke kabla ya giza. Akauliza kama jedwali limekamilika. Nikaandika =COUNTBLANK(B2:D900), fomula ya kuhesabu seli tupu. Ikajibu sifuri.

"Limekamilika, dada," nikasema, nikaenda zangu kunywa chai na chapati.

Niliporudi nikawa nateremka kwenye jedwali kwa macho tu, bila sababu ya maana. Nilipofika kwenye kaya za chini kabisa, zile zilizo jirani na mto, safu ya majina ilikuwa nyeupe pee. Mistari tisa imefuatana.

Fomula inasema hakuna tupu. Mimi naona tupu.

Nikabofya ndani ya seli moja. Kile kimstari kinachopepesa hakikukaa ukingoni, kilikuwa kimesogea kidogo. Kumbe mle ndani kuna nafasi moja, ile inayotoka ukibonyeza kitufe kirefu cha chini. Kwa fomula yangu, nafasi nayo ni kitu, kwa hiyo seli imejaa. Lakini mfumo wa kutuma ujumbe hufuta nafasi kwanza, na ukikuta jina halipo unauruka mstari mzima, simu na vyote. Nikabadilisha: =SUMPRODUCT(--(LEN(TRIM(B2:D900))=0)). Yaani ondoa nafasi za ziada, kisha hesabu seli ambazo hazikubaki na herufi hata moja.

Tisa.

Familia tisa zingelala usingizi leo, zikidhani kimya chetu maana yake ni usalama, na mimi ndiye niliyesema limekamilika.

Mistari yote tisa iliandikwa na Mama Kulwa, mama wa Kisukuma aliyetusaidia kuandikisha kitongoji chake. Nikampigia, nikamsalimia shikamoo haraka haraka, nikamuuliza majina yako wapi.

"Marahaba, mwanangu. Huyo wa kwanza ni baba mkwe wangu, na hao wengine ni ndugu zake. Jina la baba mkwe mimi silitaji, wala la ndugu zake, kwetu ni mwiko. Hata kuliandika, mkono ulikataa. Na hicho kishikwambi chenu nacho kikanigomea, eti sehemu ya lazima. Nikabonyeza hapo chini, kikaniachia."

Ningemkasirikiaje? Fomu yetu ilimlazimisha kufanya jambo ambalo heshima yake haimruhusu, naye akatafuta pa kupita.

"Subiri," akasema, "mwenyewe huyu hapa, amekaa."

Mzee akapokea simu. Akataja jina lake, la baba yake na la babu yake, kwa sauti ya mtu asiyeogopa kitu, kisha akanitajia ndugu zake mmoja mmoja. Nikaandika. Nikarudia fomula. Sifuri. Nilitaka kulia kwa furaha. Nikaanza kumuaga.

"Na mwanangu Masanja mmemwandika?" akauliza. "Amehamia kibanda cha shamba, ng'ambo ya mto. Anapalilia mpunga, yeye na mke wake na watoto."

Nikatafuta juu, nikatafuta chini. Masanja hakuwa na seli tupu. Masanja hakuwa na mstari.

Tulipita kuandikisha watu wakati wako majumbani. Sasa ni msimu wa kupalilia, na sijui nusu ya bonde inalala kwenye vibanda gani. Fomula yangu hukagua waliomo. Asiyekuwemo haimjui kabisa, na wala mimi simjui.

Nimemwongeza Masanja kwa namba aliyonipa mzee. Ujumbe umetoka kabla ya giza, kama alivyotaka Dada Skola. Ameshachungulia mlangoni akitabasamu: "Fundi, sasa limekamilika?"

"Hapana, dada," nimemjibu, na sauti yangu mwenyewe imenishtua. "Sijui ni kina nani wamekosekana. Tuwapigie wenyeviti wa vitongoji, watuambie nani yuko shambani."

Tabasamu limetoweka. Amevuta kiti, na sasa yuko kwenye simu na mwenyekiti wa kwanza, mimi naandika huku nikisubiri wa pili apokee. Huko nje matone yameanza kugonga bati.

Kwenye skrini, mbele ya kila jina la ukoo wa yule mzee, pameandikwa "imefika". Mbele ya Masanja pameandikwa "inasubiri". Baba yake anasema mtandao wa kule hushika mtu akipanda juu ya kichuguu tu.

Ee Mungu, nani atampandisha Masanja kichuguuni na mvua hii?