Binti Aliyekuwa Masikioni mwa Mama

Kaka yangu mpendwa,

Huku hatujambo, na bati la jikoni limeacha kuvuja. Mama naye amepona, ingawa kumbe hakuwa anaumwa.

Alianza kusema kuna binti anamwita "mpenzi wangu" masikioni. Nikadhani akili imeanza kumtoka, nikajifungia chooni nikalia. Siku moja, akichambua mchele, akaniambia taratibu, "Leo analia. Anasema simjibu."

Nikampeleka kwa fundi wa vile vifaa vyake vya kusaidia kusikia anavyovaa masikioni. Fundi alicheka mpaka akavua miwani. Kumbe programu ya vifaa hivyo ilikuwa na kasoro: simu yoyote ya karibu iliweza kujiunga navyo bila ruhusa. Kinyozi, jirani yetu, alipopigiwa na mchumba wake, maneno yote yaliishia kwa Mama. Kinyozi mwenyewe alibaki akiita "haloo, haloo" hadi akasusa kupokea.

Fundi akaweka programu mpya. Sasa vifaa vinaikubali simu ya Mama peke yake.

Mama alikwenda moja kwa moja kwa kinyozi, akamsimulia kila alichoambiwa, mbele ya wateja. Kinyozi alimwacha mtu na nusu ya ndevu, akatoka nje kupiga simu. Wamepatana.

Mama tu ndiye amepoa, hana tena anayemwita masikioni. Jana aliniuliza kama simu ya kutoka mbali nayo inafika masikioni. Nimemwambia inafika, Kaka. Usinifanye mwongo.

Wako akupendaye,
Mdogo wako