Aya ya Nne

Baba Chiriku,

Chakula nimekifunika jikoni. Matone ya macho yapo dirishani, na leo usiguse mashine ya kuchomelea. Nimeandika herufi kubwa ili usihangaike.

Tumekwenda hospitali. Mwanao ameshuka ngazi akipumzika mara tatu, sasa ananisubiri chini, wala hajauliza tunakwenda wapi.

Asubuhi macho yalikuwa yamekuvimba, ukashindwa kuisoma fomu ya utafiti. Ukanitania, “Soma wewe, msomi wa darasa la jioni. Mimi nionyeshe tu pa kutia sahihi.” Nikasoma kwa sauti, lakini aya ya nne nikairuka makusudi. Inasema nusu ya watoto watapewa dawa mpya ya moyo, na nusu kidonge kinachofanana nayo ila hakina dawa ndani. Hatutaambiwa wetu amepata kipi. Nilijua ungekataa, na daktari alishasema hana kingine cha kumpa. Umetia sahihi, ukarudi kulala, na mimi nimeshindwa hata kunywa chai.

~~Usinipigie, nitakueleza jioni.~~ Nipigie kabla ya saa tano, ndipo wanapoanza. Mzazi anaweza kumtoa mtoto wakati wowote. Hilo pia sikukusomea. Ukisema hapana, narudi naye, na sitakununia.

Mimi bado nina matumaini, mume wangu. Lakini usipopiga, sitahesabu kuwa umesema ndiyo. Nitawaambia wasubiri, baba yake hajaisikia fomu yote.

Mama Chiriku