Zile Irabu Ziko Kwangu

Jumanne, jioni

Na sijutii.

Ni huyu huyu Mwalimu Guyo aliyewaambia wazazi muhula uliopita kwamba nafundisha watoto wao kamari. Kadi za herufi, nilizokata mwenyewe kutoka kwa maboksi ya majani chai! Mama mmoja hata alimhamisha mtoto wake kutoka darasa langu.

Jana akaja akitabasamu. "Madam, nisaidie zile kadi. Kesho kuna wageni wa elimu, nataka kuwaonyesha mbinu yangu."

Yake!

Nikampa boksi. Nilikuwa nimetoa a, e, i, o na u. Hakufungua hata kuangalia.

Leo amesimama mbele ya wageni akipanga m, b, z, k mezani, jasho likimtoka. Halima, msomaji wangu hodari, akapekua kadi zote. "Mwalimu, hakuna a. Hata e hakuna." Kisha akainama kuzitafuta chini ya dawati, maskini, akidhani ni yeye ameziangusha. Hiyo tu ndiyo imeniuma.

Kesho Guyo akiniuliza ziko wapi, nitamwambia nilizipoteza kwenye kamari.