Nafasi Uliyoirukia

Kwa Yaya, kaka yangu wa pekee,

Barua yako kutoka Kigoma imefika. Umeiandika nusu kwa Kiingereza, kama vile ningali mwanafunzi wako. Katika Kiingereza ulichonifundisha, nilichobakiza ni neno moja.

Ulikuwa mwaka wa uhuru, uani kwetu Kilibula, ng'ambo ya ziwa kutoka hapo ulipo. Nilikuwa napepeta mchele, wewe ukarudi na daftari kutoka kwa mmisionari aliyekufundisha Kiingereza, ukaandika ukutani kwa mkaa: jump at. Nikasema ni kuruka.

"Hapana," ukasema. "Muntu akikupatia nafasi, weye unaikubali mbio, na furaha, bila kuomba siku ya kufikiri. Halitumiki kwa muzigo. Ni kwa kitu moyo unapenda."

"Na kama nafasi iko ya mwingine?"

Ukacheka. "Kingereza hakiulizi vile."

Wabelgiji walipoondoka, uliirukia kazi ya karani. Waasi walipoingia mjini, ukavua tai, ukawaandikia wao vibali. Sikukulaumu, sote tulikula kwa kazi hiyo.

Kisha askari wa serikali wakakaribia, nasi tukakimbilia ziwani mchana kweupe. Goti la Mama lilikuwa limevimba. Ulimbeba mgongoni, hilo sikunyimi. Mwenye mtumbwi akamtazama, akasema, "Iko nafasi ya muntu moja tu. Muleteni mama."

Ukamweka mchangani. Nikainama kumfunga kitenge. Nilipoinua kichwa, ulikuwa umeketi ndani na mtumbwi umeshasukumwa.

"Nitatuma mwingine!" ulipiga kelele.

Hakuna mtumbwi uliokuja. Nilimkokota Mama hadi milimani, wafugaji wakatupatia kona ya zizi lao, na mvua ikatukuta humo. Goti halikupona. Tangu siku ile hakutembea tena, alitambaa.

Pale ufukoni Mama alikuwa ameugeukia mji, akisikiliza risasi, kwa hiyo hakukuona ukipanda. Miaka yote aliniuliza, "Mutoto wangu walimusukuma ndani, sivyo?"

"Ndiyo, Mama. Walimusukuma."

Nilikuokoa hivyo, kwa jibu lile lile kila alipouliza.

Umesikia kwamba tumemzika, na unataka kujua kama alikuachia neno. Asubuhi ya mwisho alinishika mkono, akasema, "Aksanti, mutoto wangu, kwa kunidanganya." Akafumba macho. Jina lako hakulitaja.

Baki huko salama.

Mdogo wako, aliyebaki na Mama