Ng'ombe Asiyepatikana

Alhamisi, Butiama

Bado namfikiria Marwa. Leo darasani tumeigiza ile kesi ya wizi wa ng'ombe, ya enzi za mkoloni. Mimi nilikuwa mshtakiwa, yeye shahidi wa mlalamikaji.

Hukumu inasema ng'ombe hakupatikana. Ila Marwa katikati ya ushahidi akaropoka kwamba nyama yake ilinona, mafuta yalitiririka hadi viwikoni.

"Hiyo umeitoa wapi?" nikamuuliza.

"Babu alikuwaga anasimulia. Si ndiye alikuwa shahidi mwenyewe!"

Darasa zima likacheka. Mwalimu akasema tuendelee, nikafungwa tena.

Mimi sikucheka. Mshtakiwa wa kweli alifia gerezani akikana.

Na Jumamosi Marwa amenialika kwao Kabasa, tukale nyama. Sijui kama itapita kooni.