Jina Lako Upande wa Kiurdu

Alhamisi, tarehe 9 Oktoba. Asubuhi rasharasha, hakuna upepo, baridi ya koti lakini si ya glavu.

Bi Kulthum,

Najua ungeniuliza kwanza kama nimefunga duka vizuri. Nimefunga. Nimezima hita, nimechomoa printa, nimetikisa komeo mara mbili. Sasa niko nyumbani, nimekula, vyombo vimeoshwa, na hapa katika daftari langu la kila siku nina jambo moja la kukueleza tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu linakuhusu na hukuwepo kulisimamia.

Kadi ya harusi ya Mariam imekwenda kwa mpiga chapa leo saa nane kasorobo mchana. Mjukuu wako anaolewa baada ya wiki tano. Maneno yote nimeyapanga mimi, ya Kiurdu na ya Kiingereza, na hakuna aliyeniangalia begani. Nataka ujue nilivyofanya na kwa nini.

Lakini kwanza habari za duka. Bado liko pale pale Tooting, nyuma ya muuza vitambaa, na wateja bado wanapita katikati ya majora ya hariri kabla ya kutufikia. Siku ya khitma yako mwanao Yusuf aliniwekea funguo mezani, kati ya sahani ya tende na birika la chai, akaenda kuwaaga wageni. Nilielewa. Kiti chako sikukikalia miezi miwili, nikawa nafanya kazi nimesimama kama mjinga. Mgongo ulipouma nikakaa. Nilidhani nitalia, sikulia. Ni kiti kizuri.

Kazi ipo. Vijana wengi sasa wanatuma mwaliko kwa simu, lakini mama zao wanataka karatasi ya kushika. Mwezi uliopita alikuja nesi mmoja wa Lamu anayekaa Woolwich, anataka Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Nikamuuliza bwana harusi ni wa wapi. Akasema watu wake ni wa Karachi. Nikamwambia basi hizo si pande mbili, ni tatu pamoja na Kiurdu, tukaichapa kadi ya kukunja mara tatu. Ungecheka. Kisha ungeniambia Kiswahili changu kina koma nyingi.

Ninakagua kama ulivyonifundisha: kalamu ya buluu kwa rasimu, nyekundu kwa kosa, kijani kwa lililokwisha, na kusoma kuanzia neno la mwisho kurudi la kwanza, ili jicho lisidanganywe na maana. Hili la mwisho nililidharau mwanzoni, na wewe unajua lilivyonigharimu. Nimelitafuta katika daftari la mwaka ule, mwezi wangu wa tatu dukani. Nilikuwa najiona hodari kwa sababu herufi nilizijua tangu chuoni Mombasa, nikaona Kiurdu ni herufi zile zile zilizoinama kidogo. Mteja alitaka babu yake aliyekufa aandikwe *marhum*, sawa na marehemu yetu, mtu aliyerehemewa. Nami nikaitanguliza ha mbele ya ri. Ikawa *mahrum*. Mtu aliyenyimwa. Kadi zote zilitoka zikimtangaza bwana harusi kuwa mjukuu wa Haji Aliyenyimwa.

Familia ilipokuja imewaka, uliwaambia mkono wako ndio ulioteleza, kwamba wewe ni mzee na macho hayana nguvu. Macho yako yalikuwa yanaona nukta ya nzi ukutani. Walipoondoka ukanigeukia ukasema, "Zuhura, umemnyima mtu rehema kwa herufi mbili. Kaa uandike marhum mpaka ukurasa ujae." Niliandika. Ulichukua ukurasa ule, ukautazama, ukasema mstari wa tisa ndio unaofaa, mingine nikafungie maandazi.

Basi sasa kadi ya Mariam.

Ugomvi ulianza Jumapili, nyumbani kwa Yusuf, niliponyoosha rasimu ya kwanza mezani. Unajua chini ya kila kadi ya Kiurdu kuna ile orodha ya *chashm barah*, wenye macho njiani, yaani jamaa wanaowasubiri wageni. Mariam akaisoma kwa kunisikiliza mimi, maana kusoma mwenyewe hawezi, akauliza bibi yuko wapi. Aliuliza kwa Kiingereza kama kawaida yake. Nikamjibu kwa Kiswahili kama kawaida yangu, kwamba orodha ile ni ya walio hai. Akasema bibi ndiye aliyekuwa akiisubiri harusi hii kuliko mtu yeyote ndani ya nyumba, na kama macho yake hayawezi kuwa njiani basi kadi isichapwe kabisa, atawatumia watu ujumbe kwa simu.

Yusuf alikuwa anakata tofaa. Akaweka kisu chini.

"Mariam, maiti haaliki watu."

"She's not a maiti, Dad, she's Dadi." Ndivyo anavyokuita hadi leo, Dadi, bibi mzaa baba.

"Wageni watacheka. Upande wa Kiingereza utaandikaje? Marehemu Bibi Fulani anafurahi kukualika?"

Na kweli, Bi Kulthum, nilikumbuka ulivyokuwa ukisema kuwa Waingereza hawafi, wanachelewa tu, kwa vile neno lao la marehemu, *late*, ndilo lile lile la basi lililochelewa. Ningelisema pale ningefukuzwa na wote wawili.

Kisha Yusuf akatoa hoja yake kubwa, na ilikuwa ya kwako. Akasema mama mwenyewe hakutaka jina la mwanamke upande wa Kiurdu. Bibi harusi aliandikwa *dukhtar nek akhtar*, binti mwenye nyota njema, basi. Jina lake lilikaa upande wa Kiingereza peke yake. Mama wa bibi harusi aliandikwa mke wa fulani. Miaka yote ile umechapa maelfu ya majina na lako halijawahi kutokea hata mara moja. "Ni sheria yake," akasema. "Unataka tumvunjie sheria yake naye hayupo?"

Mariam akaondoka mezani. Tangu siku ile baba na binti hawakusemezana, kila mmoja ananipigia mimi simu. Jumanne Yusuf akasema, "Zuhura, wewe umekaa naye kuliko sisi, amua." Jumatano Mariam akasema maneno yale yale kwa Kiingereza. Mpiga chapa alikuwa ametupa mpaka leo saa nane. Nikaona kama kadi isipotoka, au ikitoka na mmoja wao amekasirika, watakwenda kwenye harusi ile kila mmoja akiwa mgeni kwa mwenzake. Na ungeniuliza mimi, si wao.

Leo asubuhi nilifika dukani saa mbili. Nikafungua droo ya chini, ile uliyokuwa ukiwekea bahasha za familia, nikaitoa ya Mariam. Nilijua imo, ulianza kuandika posa ilipokuja mwezi wa kwanza, ukaniambia nisiiguse. Nilikuwa sijaigusa hata ulipokufa. Leo nimeigusa, unisamehe.

Rasimu yako ni ya kalamu ya buluu. Juu umeandika *Bismihi Taala* badala ya bismillahi kamili, ili jina la Mungu lisiishie kwenye pipa la takataka. Chini, katika wenye macho njiani, umejiandika mke wa Haji Ismail, marhum, kama siku zote. Lakini katikati, baada ya binti mwenye nyota njema, umeandika Mariam. Kwa Kiurdu. Ukalikata. Ukaliandika tena chini yake, polepole, herufi zake zimenyooshwa kama mtu anayeandika kwa ajili ya mtoto asome.

Nilikaa kwenye kiti chako nikautazama mstari ule. Mkono ukiteleza hautelezi mara mbili. Uliandika, ukaona haya, ukakata, ukaona haya ya kukata, ukaandika. Wewe uliyeniambia kuwa jina la mwanamke kwenye kadi ni kama nguo ya ndani kwenye kamba ya barabarani.

Baada ya hapo haikuwa kazi ngumu. Nilifanya hivi.

Katika orodha ya wenye macho njiani nimeweka walio hai tu. Yusuf ana haki. Anayealika lazima aweze kufungua mlango.

Lakini jina lako nimelipandisha juu, palipo pazito zaidi. Baada ya jina la Mariam nimeandika *poti* ya Kulthum Bi, marhuma. Napenda neno hilo la Kiurdu. Sisi tunasema mjukuu tu, lao linaeleza kabisa kuwa ni mjukuu wa kike aliyezaliwa na mwanao wa kiume. Na marhuma ni dua, kila atakayeisoma kadi atakuwa amekuombea rehema bila kujua. Upande wa Kiingereza nimeandika kuwa ni mjukuu wa Ismail na Kulthum, na neno la kuchelewa nimeliacha nje. Halihitajiki. Kumwalika mtu kunataka uwe hai, lakini kuwa bibi wa mtu hakukomi.

Nimesoma kuanzia mwisho kurudi mwanzo mara tatu. Marhuma nimeikagua herufi kwa herufi, mimu, ri, ha.

Yusuf alifika saa sita na nusu, kofia imelowa. Nikamwonyesha kwanza rasimu yako. Kisha nikamwekea yangu. Unajua anavyosoma Kiurdu, kwa kidole, kama anatafuta kibanzi kwenye ubao. Kidole kilipita kwa Haji Ismail, kikapita kwa Mariam, kikafika kwako kikasimama.

Nilikuwa tayari kubishana. Hoja nilikuwa nimeziandika kwa namba kwenye karatasi, nne. Sikuzitumia.

Akauliza, "Hii ni nini, sini?"

Nikamwambia hapana, ni the, ile yenye nukta tatu juu. Ndiyo maana nyumbani kwenu mnasema Kulsum na sisi pwani tunasema Kulthum, sauti mbili, herufi moja.

Akairudia kwa kidole. Kisha akasema, "Sijawahi kuliandika. Shule niliandika jina la baba. Hospitali walikuwa nalo kwa Kiingereza. Simu yangu imeandikwa Mama tu." Alikuwa haniangalii. "Miaka hamsini na tatu, Zuhura, na sijui mama yangu anaandikwa kwa herufi gani."

Nikampa kalamu ya buluu na nyuma ya karatasi ya majaribio. Nikamwandikia mara moja, akaiga chini yake. Kafu ikawa kubwa mno, wau ikaanguka nje ya mstari, na nukta tatu alizisahau. Nikamwonyesha kwa ncha ya kidole. Akazirudishia, moja, mbili, tatu, kwa uangalifu, kama anayeweka sukari kwenye chai ya mgonjwa. Akajaribu tena. Aliandika mistari sita. Wa tano ndio unaofaa, lakini sikumwambia mingine akafungie maandazi. Si kila kitu nimekirithi kwako.

Akampigia Mariam simu hapo hapo. Hakumweleza mambo ya orodha wala sheria. Alisema tu, "Njoo dukani, nikuonyeshe bibi yako anavyoandikwa." Mariam alikuja kwa basi kutoka kazini, bado ana kitambulisho shingoni. Nilikwenda mbele kwa muuza vitambaa kuulizia hariri nisiyoihitaji, nikawaacha. Niliporudi vichwa vyao vilikuwa pamoja juu ya meza, na Yusuf anamwambia binti yake, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa akijua, "Si sini hiyo. Hesabu nukta."

Mariam akasaini chini ya karatasi kwa kalamu ya kijani. Yusuf akasaini. Nikapeleka.

Nakukosa zaidi wakati wa kukagua kwa sauti, wewe ukisoma Kiingereza na mimi Kiurdu, unapoinua kidole nisimame. Leo nilisoma pande zote mbili peke yangu na nikajikuta nanyamaza mahali ambapo ungeinua kidole. Palikuwa na kosa kweli, saa ya karamu. Nilikuwa nimeandika saa ya Kiswahili. Wageni wangekuja saa saba ya Kiingereza, jioni, wakati chakula ni saa saba yetu ya mchana. Nimesahihisha.

Basi pumzika, mama yangu wa kazi. Mungu akukunjulie kaburi, akupe mwanga wa kusomea. Nakuahidi hili: kuanzia leo, kila mama atakayekuja dukani kumchapishia binti yake kadi, nitamuuliza jina lake yeye, na vipi linaandikwa. Akikataa lisichapwe, halitachapwa. Lakini nitakuwa nimeliuliza, na mtoto wake aliyesimama pale ubavuni atakuwa amelisikia.

Wako mtiifu, asiye mtiifu sana,

Zuhura

Saa nne na dakika ishirini usiku. Nalala.