Cheti cha Nayeli

Laredo, Jumapili

Shangazi Elodia,

Peremende zako za maziwa zimefika; baba amezificha.

Nina jambo la aibu. Kwenye timu yetu ya washangiliaji wanaocheza sarakasi mimi ndiye ninayerushwa juu, lakini nimeshapita umri wa kundi letu. Kocha alinisajili kwa cheti cha kuzaliwa cha mdogo wangu, Nayeli. "Na kamwili haka, nani atajua?" akasema. Nikakubali.

Jana Nayeli alikwenda kujisajili kwenye mashindano, akaambiwa jina lake tayari limo. "Dada, sasa mimi nitakuwa nani?" akaniuliza.

Cheti changu cha kuzaliwa kiko kwako. Tafadhali kipige picha, unitumie leo kwa barua pepe hii hii. Kesho nitawapelekea wasimamizi wa mashindano mwenyewe, hata wakinitoa. Nayeli ni mwepesi kuliko mimi. Wamrushe yeye, kwa jina lake.

Binti wa kaka yako,
Citlali